Venezuela ina akiba ya mafuta kuliko Saudia, mbona haitoi kama Saudia? Kikomo anaweka nani, ardhi au wanasiasa?

Mtoto wa Ngamiani:

Wakuu naomba shule kidogo maana hii kitu hainiingii akilini. Kwa hesabu za OPEC, ule umoja wa nchi zinazouza mafuta, Venezuela ndo namba moja duniani kwa akiba, mapipa bilioni 303, Saudia anafuata na bilioni 267 hivi. Marekani kwa hesabu za serikali yao wenyewe mafuta ghafi hayafiki hata bilioni 50. Sasa geuza upande wa pili uangalie nani anatoa mengi kwa siku. 2024 Marekani alikuwa anatoa zaidi ya milioni 13 kwa siku, Saudia kama milioni 9, Venezuela hata milioni moja hafiki. Yaani mwenye nayo hatoi, asiye nayo ndo anaongoza??

Halafu kitu cha pili, toka niko sekondari naambiwa mafuta yamebaki ya miaka 40, 50 hivi. Nimemaliza shule, nimeoa, nina watoto, bado yamebaki ya miaka 50. Hii hesabu anapiga nani?

Jibu la mabeberu nalijua, nataka lenye nyama.

Zee la Nyundo:

Mabeberu. Fungeni uzi tulale.

Kisima Kirefu:

Zee la Nyundo hujawahi kuniangusha 😂

Mleta mada, shida inaanza pale watu wakisikia bilioni 303 wanawaza kuna ziwa chini ya Venezuela unatumbukiza bomba unanyonya. Hakuna ziwa. Mafuta yamekaa ndani ya vitundu vidogo vya jiwe, jicho halivioni, na ili yatoke kunatakiwa presha ya kuyasukuma na jiwe lenyewe liwe linapitisha. Kwa wastani wa dunia ni kama theluthi tu ya kilichoko chini ndo kinatoka, kinachobaki kinabaki. Na hiyo theluthi huitoi kwa spidi unayojisikia, ukivuta kwa pupa ni kama umetikisa chupa ya soda ukaifungua, gesi inatoka yote, presha inakufa, mafuta yako pale chini na huna cha kuyasukumia tena. Au maji ya chini yanapanda yanawahi kisimani kabla ya mafuta, unaanza kulipia umeme wa kuvuta maji.

Kwa hiyo hizo namba zako mbili hazipimi kitu kimoja. Akiba ni kiasi, uzalishaji ni mwendo. Marekani kiasi chake kidogo ila mwendo anaulazimisha, anachimba visima maelfu kwa maelfu kila mwaka kule Texas, New Mexico na North Dakota kwenye miamba ambayo zamani ilionekana haina faida, anaenda chini anakunja kisima kinalala mlalo, halafu anapasua jiwe kwa maji yenye mchanga na kemikali. Kisima cha namna hiyo mwaka wa kwanza tu kinapoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake so lazima achimbe kingine na kingine, akipumzika kidogo tu namba inashuka. Saudia yeye ana shamba la mafuta la Ghawar, limegunduliwa 1948, urefu kama kilomita 280, jiwe linapitisha vizuri na mafuta yake mepesi, visima vichache vinatoa mengi miaka na miaka.

Sasa njoo Venezuela. Sehemu kubwa ya hiyo bilioni 303 ni ukanda wa Orinoco na yale mafuta ni mazito balaa, mengine ukiyaweka kwenye maji yanazama. Hayatembei kwenye bomba mpaka uyachanganye na nafta (mafuta membamba kama petroli) au mafuta mepesi, na ili uyauze kwa bei ya maana unayapitisha kwanza kwenye mitambo ya kuyaboresha pale José. Mpaka katikati ya miaka ya 2000 Venezuela ilikuwa inahesabu kama bilioni 80 tu, bei ya dunia ikapanda, Orinoco ikaanza kuonekana inalipa, ikaingizwa kwenye daftari namba ikaruka. Jiwe ni lile lile.

Na hapo ndo una jibu la miaka 50 yako. Akiba wanayotangaza ni ile inayotoka kwa faida kwa bei na teknolojia ya wakati huo, bei ikipanda au ikija mbinu mpya akiba inaongezeka bila mtu kugundua tone jipya. Kuna mzee mmoja, Hubbert, mwanajiolojia wa Shell, 1956 alisema uzalishaji wa Marekani utafika kileleni kati ya 1965 na 1970 halafu ushuke. Wakamcheka. 1970 ukafika kileleni kweli, kama milioni 9.6 kwa siku, ukashuka mpaka 2008 ukawa milioni 5. Baadae wakaja hawa wa kupasua miamba wakaupandisha wakapita hata kile kilele. Ukiniuliza mimi Hubbert alipatia kwa mafuta ya aina aliyokuwa anayafahamu, hii aina ya pili ndo haikuwemo kwenye hesabu yake.

Mjumbe wa Shina:

Kisima Kirefu somo zuri ila umewaachia wanasiasa kirahisi sana aisee.

Orinoco ilikuwa nzito hivyo hivyo 1998 na mwaka huo Venezuela ilikuwa inatoa zaidi ya milioni 3 kwa siku. Sasa kilichotokea katikati ni nini? Desemba 2002 wafanyakazi wa PDVSA, kampuni ya mafuta ya serikali, wakaingia kwenye mgomo mkubwa wa kumtoa rais Chávez, mgomo ukafeli, na Chávez akafukuza kama watu elfu 18, na sio wafagizi tu, ni mainjinia, wanajiolojia, watu waliokuwa wanakijua kila kisima kwa tabia yake. Hao walikwenda Kolombia, Canada, Ghuba huko, Venezuela ikabaki na mitambo. 2007 akawaambia makampuni ya nje Orinoco serikali lazima iwe na hisa nyingi, ExxonMobil na ConocoPhillips wakaondoka, Chevron na wengine wakakubali wakabaki na hisa ndogo. Kuanzia hapo PDVSA ikawa ndo inalipia kila kitu, nyumba, vyakula, kampeni, hela ya kurudisha kwenye visima haipo.

Uzalishaji ulianza kuporomoka kabla vikwazo havijaja, hili watu wa pande zote mbili hawapendi kulisikia. Halafu 2019 Trump akaweka vikwazo vya PDVSA na kumbuka kale ka nafta ka kuchanganyia kalikuwa kanatoka Marekani!! Kakakatika. Katikati ya 2020 nchi yenye akiba kubwa kuliko zote ilikuwa inatoa chini ya laki nne kwa siku, na baadae ikabidi mafuta mepesi ya kuchanganyia yatoke Iran, nchi mbili zilizowekewa vikwazo zinabadilishana mafuta baharini. Hapo niambieni kosa la jiwe liko wapi.

Na hizo akiba zenyewe mkuu usizikariri kama msahafu. Miaka ya 80 OPEC walipoanza kugawana mgao wa kuuza, nchi moja moja ikaanza kupandisha hesabu. Kuwait wakatoka kama bilioni 67 wakaenda 90 na ushee kwa mkupuo, wenzao wakafuata, Saudia wakaja mwishoni mwishoni wakapanda kutoka kama 170 kwenda 250 na kitu. Na miaka inavyozidi kwenda wanatoa mafuta kila siku ila namba haitikisiki. Hakuna mkaguzi wa nje anaingia kwenye mashamba yote hayo. Aramco, kampuni ya mafuta ya Saudia, wenyewe kwa mara ya kwanza walifungua daftari Aprili 2019 walipotaka kuuza hatifungani, ndo dunia ikajua Ghawar uwezo wake wa juu ni milioni 3.8 kwa siku wakati watu walikuwa wamezoea kusema 5.

Kisima Kirefu:

Mjumbe sikukatai hata kidogo, ila mfano wako wa Venezuela ndo unaonyesha hivi vitu havitenganishiki. Angekuwa na mafuta mepesi kama ya Ghawar vikwazo vya nafta visingemuua hivyo. Siasa ilimkamata pale pale jiolojia ilipomwacha dhaifu.

Angalia Mexico kinyume chake. Shamba la Cantarell, limepewa jina la mvuvi, Rudesindo Cantarell, alikuwa analalamika mafuta yanaelea baharini kule Campeche. Moja ya mashamba makubwa kabisa ya baharini kuwahi kupatikana. Serikali ilikuwa inaendesha bajeti yake kwa hela ya Pemex, kampuni yake ya mafuta, so mwendo ulitakiwa uongezwe, 2000 wakaanza kusukuma naitrojeni chini ili presha ipande, ikapanda kweli, 2004 likafika kama milioni 2.1 kwa siku. Halafu likaanguka. Kwenye 2012 lilikuwa limebaki kama laki nne. Hakukuwa na vita wala vikwazo wala mgomo, gesi ilishuka maji yakapanda, mafuta yakabaki kaukanda kembamba katikati. Hazina ya Mexico ikatafuta hela pengine.

Bint Matrah:

Assalaam alaykum. Mie niko Maskati, asili yetu Unguja, kazi yangu iko upande wa maji ya visima huko jangwani basi nnayaona haya mnayoyasema kwa macho. Naona mnazungumza Venezuela na Saudia tu, hamtaki kuitazama Oman, na Oman ndio skuli yenyewe.

Sisi mafuta yaligunduliwa Yibal 1962, meli ya mwanzo ikaondoka 1967. Mafuta yetu si kama ya jirani. Mashamba madogo madogo mengi, mwamba mgumu, na kusini huko Marmul, Nimr, Mukhaizna mafuta mazito. Yibal ndio lilikuwa kubwa, miaka ya 90 wakaingia na visima vya mlalo yakatoka kwa wingi watu wakafurahi, lakini vile visima vilikuwa vinayavuta maji vilevile, kutoka 1997 Yibal likaanza kuporomoka vibaya. Nchi nzima ilifika kama laki tisa na nusu na zaidi mwanzo wa 2000s, kufika 2007 imeshuka laki saba na kitu. Shell mwaka 2004 walipokata akiba zao kwa mabilioni ya mapipa ikawa kashfa ya dunia, na Oman ilikuwemo humo.

Hapa sasa ndio pana funzo mana serikali haikufukuza watu wala haikuficha. Ilikubali kuwa mafuta rahisi yamekwisha, ikabadilisha mikataba ili kampuni ipate sababu ya kutia pesa kwenye mafuta magumu. Mukhaizna akapewa Occidental, wanasukuma mvuke chini mafuta yanalainika. Marmul wanatia polima kwenye maji ili maji yawe mazito yayasukume mafuta badala ya kuyapita. Amal wamejenga vioo vya jua vya kuchemshia mvuke, mana gesi ya kuchemshia ni ghali na gesi hiyo hiyo inatakiwa kwenye umeme na kwa kuuza nje. Kufika 2016 tulivuka milioni moja kwa siku, kupita hata kile kilele cha zamani.

Lakini msidhani ni bure. Kwenye mashamba ya PDO, kampuni kubwa ya mafuta ya huku Oman, kila pipa moja la mafuta linakuja na karibu mapipa kumi ya maji, maji ya chumvi yenye mafutamafuta. Yote lazima yapelekwe pahala. Nimr huko wameyapandia matete, jangwa limekuwa kinamasi, ndege wahamaji wanatua. Watu wakija mara ya mwanzo hawaamini. Sasa pesa ya kuyashughulikia maji hayo ikizidi bei ya lile pipa moja, shamba linafungwa, hata kama chini mafuta tele.

Na siasa haikosi. Oman si mwanachama wa OPEC lakini tangu mwisho wa 2016 tumo kwenye ile OPEC+ pamoja na Warusi. Aprili 2020 korona ilipofunga dunia, wakakubaliana kukata milioni 9.7 kwa siku, na sisi tukakata. Mwezi ule ule Marekani mkataba wa mafuta uliuzwa chini ya sifuri, dola 37 na senti 63 hasi, muuzaji anamlipa mnunuzi ayachukue. Nnakumbuka tulivyokuwa tunapanga kisima gani kizimwe na kipi kiachwe, mana kisima cha mvuke si taa, ukikizima mwamba unapoa, na kuupasha upya ni miezi na pesa.

Mtoto wa Ngamiani:

Bint Matrah umenipa kitu kipya kabisa, shukran. Sasa hapo mwisho ndo pamenichanganya. Mimi nilikuwa najua nchi yenye mafuta ikiona bei mbaya au imegombana na jirani inafunga koki inasubiri, mafuta si yapo tu chini hayaozi? Kumbe kuzima nako ni hasara?

Turnboy wa Nimule:

Ndugu hiyo ya kufunga koki uliza Sudan Kusini wenyewe watakwambia. Mimi napiga Mombasa Juba miaka mingi, niliona na macho.

Hawa walipata uhuru 2011 wakachukua kama robo tatu ya mafuta yote, lakini bomba zote zinapita Sudan mpaka Port Sudan. Wakaanza kuvutana juu ya pesa ya kupitisha, Khartoum inataka dola 36 kwa pipa, Juba inasema haitoi hata dola moja. Khartoum ikaanza kuchukua mafuta yenyewe ati inajilipa. Januari 2012 Juba ikasema basi tunazima zote, kama laki tatu na nusu kwa siku. Na hiyo mafuta ndo karibu mapato yote ya serikali yao, 98 kwa mia. Tuliona dola zikipotea Juba, mizigo tunapeleka lakini wenye mali hawana ya kutulipa, lori zinakaa yadi.

Sasa mafuta yao mengi yanaitwa Dar Blend, yako na nta mingi, yakipoa yanashikana. Huwezi yaacha ndani ya bomba tu. Ilibidi wasukume maji ndani ya bomba mafuta yatoke kwanza. Wakakaa hivyo mpaka Aprili 2013 ndo wakaanza tena.

Halafu juzi 2024 ikawa ya pili na saa hii hawakuchagua. Vita ya Sudan kati ya jeshi na wanamgambo wa RSF ikafika kwa zile stesheni za pampu, dizeli ya kuendesha pampu haifiki, mafuta yakaganda ndani, Februari bomba likapasuka. Sudan ikatangaza mwezi wa tatu haiwezi timiza mkataba. Mpaka Januari 2025 ndo ikaondoa hiyo tangazo. Karibu mwaka mzima, nchi inakaa na mafuta na wafanyakazi wa serikali hawalipwi mishahara.

Hapo hakuna mtu alipiga bomu kisima. Ni dizeli tu ilikosa.

Mjumbe wa Shina:

Turnboy umemaliza. Na ndo maana Juba kila siku wanaongelea bomba la kupitia kwetu huku, Lamu au kokote, toka 2012 wanaongelea, halijengwi.

Mtoto wa Ngamiani:

Sasa mmenifikisha nilipokuwa nataka kufika kwa mlango wa nyuma. Hili bomba la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa kwetu Tanga, nalo si mafuta ya nta hayo hayo? Litatuchukulia muda gani mpaka ligande??

Kisima Kirefu:

Ndo hayo hayo, tena ya Ziwa Albert yanaganda kwenye joto ambalo wewe hapo Tanga unavaa singlendi. Ndo maana bomba zima, kilomita 1,443, linafukiwa likiwa limevikwa povu la kuzuia joto, lina nyaya za umeme za kupashia kila mahali, mafuta yatembee yakiwa na nyuzi 50 kwenda juu. Stesheni za pampu sita, mbili Uganda nne kwetu. Umeme ndo uhai wake, kama dizeli ilivyokuwa ya Sudan.

Na angalia ilivyokwenda kwa kalenda. Yamegunduliwa 2006, uamuzi wa mwisho wa kuweka hela umesainiwa Februari 2022. Miaka 16! Walianza kugombania kodi na makampuni, baadae Museveni anataka kiwanda cha kusafishia nyumbani, makampuni yanataka bomba, kisha bomba lipite Kenya au Tanzania, 2016 ndo Tanga ikachaguliwa, halafu bei ikaanguka, halafu wanaharakati wakapinga (Bunge la Ulaya lilikuja kupinga baada ya saini, Septemba 2022), mabenki makubwa kadhaa yakasema hayatoi mkopo. Wakati huo wote jiwe la Bunyoro linasubiri tu.

Kiasi nacho usikitukuze. Chini kuna kama bilioni 6.5, yanayotegemewa kutoka ni 1.4, hata robo haifiki. Mwendo wa juu waliopanga ni laki mbili na thelathini hivi kwa siku wakijumlisha mashamba ya Tilenga na Kingfisher, na dunia inatumia zaidi ya milioni 100 kwa siku, so bei ya dunia haitajua kama tupo. Ila kwa bandari yako na kwa bajeti ya Uganda ni kubwa.

Turnboy wa Nimule:

Na Turkana je? Kisima cha Ngamia 1 kilipata mafuta 2012, 2019 tukasafirisha na lori mpaka Mombasa, laki mbili za mapipa zikaenda meli moja, picha zikapigwa, watu wakapunga bendera. Halafu kimya. Nilikuwa naona zile tenki za kupasha zikishuka Kitale, nikajua tumeomoka.

Kisima Kirefu:

Turkana ni nta tena, maji ya kusukumia chini hayapo karibu, na hakuna bomba. Lori lilikuwa la majaribio, hesabu ya lori hailipi mkuu. Lilitakiwa bomba la Lokichar mpaka Lamu, na lile lilikuwa na maana kama Uganda angepitisha ya kwake humo humo mkagawana gharama. Uganda alipokuja Tanga, Lokichar ikabaki peke yake na visima vyake. Tullow, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na visima hivyo, wenyewe 2025 wakauza wakaondoka, sasa iko mikononi mwa Gulf Energy ya Kenya.

Zee la Nyundo:

Kwa hiyo mabeberu wameuza wakaondoka? Si nilisema.